Sahani tupu kila muhula? Mwongozo kamili wa kuingiza plazmidi ndani ya E. coli

Kila muhula naletewa picha ileile kwenye simu: sahani ya agari, safi kama ilivyomwagwa, na chini yake swali, "Mwalimu, plazmidi yetu ni mbovu?" Mara nyingi plazmidi, yaani duara dogo la DNA tunaloliingiza ndani ya bakteria E. coli, haina kosa lolote. Seli ndizo zilizokufa, au hazikuwahi kuwa tayari kupokea kitu, kabla hata DNA haijaguswa.

Kwa hiyo nusu nzima ya mwongozo huu inahusu seli, na nusu iliyobaki inahusu DNA na sahani. Ukiwa na haraka ya kufika kwenye mshtuko wa joto, tafadhali usiruke sehemu ya kwanza.

Nimeuandika kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, wa uzamili wanaoanza biolojia sanisi, na walimu wanaoendesha vipindi vya maabara ambako umeme hukatika na friza ya nyuzi -80 ni ya idara nzima. Kazi yote inachukua siku nne, lakini kwa kila siku mikono yako itashughulika kwa saa chache tu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Vipange vyote mezani kabla ya kuanza. Ukianza kutafuta kalsiamu huku seli zikiwa zimeshafika kipimo, umeshachelewa.

Bakteria. Tumia aina ya E. coli iitwayo DH5α au TOP10. Ni wa ukoo wa K-12, wanaokubalika kwa maabara ya ngazi ya kwanza ya usalama, na wanaitunza plazmidi bila kuikatakata. Usianze na BL21; huyo ni wa kuzalisha protini, na hupokea DNA kwa uchache.

Plazmidi mbili. Ya kwanza ni pUC19 ya kujaribia seli. Ya pili ni ile unayoitaka. Kwa darasa napendekeza yenye protini nyekundu, kwa mfano kipande J04450 cha rejista ya iGEM (shindano la kimataifa la biolojia sanisi) kikiwa kwenye plazmidi pSB1A3. Makoloni yake (vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye agari) huwa mekundu mchana kweupe, bila taa maalumu na bila kuongeza kitu kwenye agari. Protini ya kijani ya pGLO nayo ni nzuri, ila inadai sukari ya arabinosi na taa ya urujuanimno, na arabinosi si rahisi bei.

Dawa. Ampisilini, antibiotiki inayoua seli zote isipokuwa zilizopokea plazmidi hizi, miligramu 100 kwa kila mililita ya maji, ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.22 na igawanywe katika vichupa vidogo ndani ya friza. Usiyeyushe na kugandisha kichupa kimoja mara tano.

Kalsiamu kloraidi ya mola 0.1. Hapa soma lebo ya chupa kwa makini. Ikiwa haina maji ndani yake, pima gramu 11.1 kwa lita. Ikiwa imebeba molekuli mbili za maji, pima gramu 14.7 kwa lita. Nimekuta vikundi vitatu kwenye darasa moja wakitumia hesabu ya aina moja kwa chupa ya aina nyingine, halafu wakailaumu plazmidi. Andaa pia ya pili, yenye gliseroli asilimia 15. Zote mbili zisafishwe kwenye otoklevu, kisha zilale kwenye friji usiku kucha.

Vya kuoteshea. Triptoni, dondoo ya hamira, chumvi na agari.

Vyombo. Sentrifuji inayopoza, spektrofotomita, beseni la maji moto, inkubeta ya nyuzi 37, mashine ya kutikisa chupa, pipeti na ncha zake, vichupa vya mililita 1.5, sahani za petri, taa ya spiriti, kipimajoto cha kuaminika, kalamu ya maka na dawa ya klorini ya kufulia.

Barafu, na nyingi. Isagwe, kisha itiwe maji kidogo ili iguse kichupa pande zote. Vipande vikubwa vya barafu huacha hewa katikati, na hewa haipoozi kitu. Usitie chumvi: rojo la chumvi na barafu hushuka chini ya sifuri na seli zisizo na gliseroli zitaganda na kupasuka.

Ruhusa. Bakteria aliyepewa jeni ngeni ni kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki, hata kama ni wa darasani. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009 na mamlaka yake ya kitaifa. Tanzania ina kanuni za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Muulize msimamizi wa maabara kuhusu kibali cha kamati ya chuo mapema. Usisubiri wiki ya jaribio.

## Hatua ya 1: Mwaga sahani (siku ya kwanza)

Kwa vikundi sita, tengeneza mililita 600 za agari ya LB (chakula cha bakteria): triptoni gramu 6, dondoo ya hamira gramu 3, chumvi gramu 6, agari gramu 9. Zigawe kwenye chupa mbili, moja ya mililita 450 na nyingine ya mililita 150, kila chupa ikiwa na nafasi kubwa juu. Zisafishe kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20.

Wanaotumia sufuria ya presha badala ya otoklevu wazingatie mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ileile inayoonyeshwa na sufuria hutoa joto dogo kuliko Mombasa. Ongeza muda hadi dakika 30.

Sasa subiri. Ampisilini huharibiwa na joto, kwa hiyo agari ishuke hadi nyuzi 50 hivi. Kipimo cha mkono ni hiki: uweze kuishika chupa kwa kiganja bila kuiachia, lakini bado uhisi ukali wake. Tia mikrolita 450 za ampisilini kwenye chupa ya mililita 450, izungushe taratibu bila kutoa mapovu, kisha mwaga mililita 20 kwa kila sahani. Utapata takriban sahani 22 zenye dawa na 7 zisizo na dawa.

Weka alama chini ya sahani, upande ulio na agari. Mifuniko huhama.

Ziache mezani zikauke, kisha zigeuze juu chini na kuzihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko. Zenye dawa zitumike ndani ya wiki nne. *Umefaulu ikiwa* agari ni ngumu, haina matone ya maji juu, na zisizo na dawa zikilala usiku mmoja kwenye nyuzi 37 hazioti kitu.

Jioni hiyohiyo chukua koloni moja la DH5α, litie kwenye mililita 5 za LB ya maji (mchanganyiko uleule bila agari) isiyo na dawa, litikiswe usiku kucha kwa nyuzi 37. Usisahau: bakteria hawa bado hawana kinga ya ampisilini. Ukiwawekea dawa utawaua, na hilo hutokea zaidi ya unavyodhani.

## Hatua ya 2: Otesha seli hadi ujana wake (siku ya pili, asubuhi)

Tia mililita 1 ya kilichoota usiku kwenye mililita 100 za LB ndani ya chupa ya mililita 500. Chupa iwe kubwa kwa sababu bakteria wanahitaji hewa. Tikisa kwa mizunguko 200 kwa dakika, nyuzi 37.

Baada ya saa moja anza kupima ukungu wake kwa mwanga wa nanomita 600 (kipimo kiitwacho OD600). Mwanzoni pima kila baada ya dakika 20, na ikishavuka 0.2 pima kila baada ya dakika 10. Unatafuta 0.3 hadi 0.4.

Kwa nini pale na si kwingine? Seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazokubali kufanywa pokezi, yaani tayari kupokea DNA. Zikifika 0.8 au 1.0 zimeanza kuzeeka na uwezo wao wa kupokea DNA huporomoka, hata kama kwa macho zinaonekana nyingi na zenye afya. Wanafunzi wengi hufurahi kuona chupa imekuwa nzito kama uji mwepesi. Kwa jaribio hili, chupa ya namna hiyo imwage uanze upya. Namaanisha kuimwaga kweli. Kuizimua kwa LB hakurudishi ujana wa seli.

*Umefaulu ikiwa* umesimama kwenye 0.35 hivi, na chupa ikishikwa kwenye dirisha ina ukungu mwepesi ambao bado unaona vidole vyako nyuma yake.

## Hatua ya 3: Zifanye seli kuwa pokezi

Hapa ndipo sahani nyingi tupu huzaliwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ukuta wa nje wa E. coli una chaji hasi, na DNA nayo ina chaji hasi. Vitu hivi viwili husukumana. Kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, hukaa katikati na kuvipatanisha. Baridi huufanya utando wa seli kuwa mgumu, na baadaye joto la ghafla huutikisa. Ukiondoa baridi, hata kidogo, mpango wote unaharibika. Seli zilizoloweshwa kwenye kalsiamu ni dhaifu mno. Zichukulie kama mayai yaliyokwisha kupasuka ganda.

Kabla hujaanza, sentrifuji iwe imeshapozwa hadi nyuzi 4, mirija iwe kwenye barafu, na kalsiamu iwe kwenye barafu.

3.1 Zamisha chupa ya seli kwenye barafu kwa dakika 10, ukiizungusha mara mojamoja. Chupa kubwa hupoa polepole kuliko unavyofikiri.

3.2 Mimina kwenye mirija baridi. Zungusha kwa 3,000 g, nyuzi 4, dakika 10.

Tafadhali tofautisha *g* na mizunguko kwa dakika. Kani ya *g* ni 0.00001118 mara nusukipenyo cha rota kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika ikizidishwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 10, 3,000 g ni takriban mizunguko 5,180. Ukiandika 3,000 kwenye kitufe cha mizunguko, seli zako zinapata takriban 1,000 g tu. Nyingi hazitatulia chini, nawe utazimwaga pamoja na maji ya juu ukidhani umemwaga LB.

3.3 Mwaga maji ya juu yote. Geuza mrija juu ya karatasi safi kwa sekunde chache. LB inayobaki hupunguza nguvu ya kalsiamu.

3.4 Tia mililita 20 za kalsiamu ya baridi. Kitonge cha seli kiyeyushwe kwa kuzungusha mrija *ndani ya barafu*, taratibu. Usitumie mashine ya kutetemesha, na usivute na kusukuma kwa pipeti kwa nguvu. Itachukua dakika tatu hadi tano na utaona ni upotevu wa muda. Vumilia.

3.5 Acha kwenye barafu dakika 30.

3.6 Zungusha tena kama mwanzo. Safari hii kitonge kitaonekana tofauti, kimetandaa na kupauka kama pete kwenye ukuta wa mrija. Ni ishara nzuri kwamba kalsiamu imefanya kazi. Kwa kuwa kimelegea, mwaga maji ya juu kwa utulivu kisije kikateleza.

3.7 Tia mililita 2 tu za kalsiamu yenye gliseroli na uyeyushe kwa upole uleule. Sasa una seli pokezi za kutosha vichupa 20 vya mikrolita 100.

### Uzitunze vipi kama friza ya -80 haiaminiki?

Njia ya vitabuni ni kugandisha ghafla na kuweka kwenye -80. Ni nzuri pale umeme unapokuwa wa uhakika. Seli zilizopanda hadi -20 na kushuka tena mara mbili wakati wa mgao hazifai, na kwa macho huwezi kuzitambua.

Kwa darasa, naona bora usigandishe. Seli za kalsiamu zikilala kwenye nyuzi 4 kwa saa 12 hadi 24 uwezo wake wa kupokea *huongezeka*, kisha baada ya hapo hushuka. Hilo linakubaliana na ratiba ya chuo: andaa seli Jumanne mchana, zilale kwenye barafu ndani ya friji, zitumie Jumatano asubuhi. Ukitumia njia hii, gliseroli si lazima.

## Hatua ya 4: Kutanisha DNA na seli (siku ya tatu)

Kila kikundi kiwe na vichupa vitatu vya seli, mikrolita 100 kila kimoja, vyote ndani ya barafu:

- Kichupa T: hakuna DNA, mikrolita 1 ya maji safi.
- Kichupa P: pUC19, nanogramu 1.
- Kichupa N: plazmidi yako nyekundu, nanogramu 1 hadi 50.

Kiasi cha DNA kisizidi mikrolita 5 kwa mikrolita 100 za seli. Wanafunzi hudhani DNA nyingi huleta makoloni mengi. Ukweli ni kwamba ikizidi, chumvi zilizomo huvuruga kalsiamu na matokeo hushuka.

Gusa kichupa kwa kidole mara mbili kuchanganya. Acha kwenye barafu dakika 30. Dakika 10 hazitoshi, hata kama kipindi kinakaribia kuisha.

Kichupa T msikitupe kwa kuona "hakina kitu". Ndicho kitakachowaambia baadaye kama dawa yenu inaua.

## Hatua ya 5: Mshtuko wa joto

Beseni liwe na nyuzi 42 kamili. Usiamini namba inayosomeka kwenye kioo cha mashine. Zamisha kipimajoto chako ndani ya maji na usome hicho. Nimeona beseni linaloandika 42 huku maji yakiwa 38. Kama huna beseni, chupa ya chai yenye mdomo mpana ikijazwa maji ya nyuzi 42 hushika joto kwa dakika kadhaa, muda unaotosha kabisa.

Chukua vichupa moja kwa moja kutoka kwenye barafu, vizamishe hadi usawa wa seli, hesabu sekunde 45 kwa saa ya simu, virudishe kwenye barafu papo hapo. Usivitikise. Viache dakika 2.

Sekunde 45 ni za vichupa vya kawaida vya mililita 1.5. Mirija minene ya plastiki hupitisha joto polepole na huhitaji hadi sekunde 90. Ukibadilisha aina ya kichupa katikati ya muhula, umebadilisha jaribio.

Kosa la kawaida hapa ni mtu mmoja kubeba vichupa vya darasa zima kwa mkono, akitembea kutoka meza moja hadi nyingine. Mkono una nyuzi zaidi ya 30. Badala ya ule mruko mmoja mkali kutoka sifuri hadi 42, seli zinapanda ngazi polepole na hazishtuki. Peleka barafu penye beseni.

## Hatua ya 6: Wape muda wapumue

Tia mikrolita 900 za LB (SOC, chakula chenye virutubisho zaidi, ikiwepo ni bora) zilizopashwa hadi nyuzi 37 ndani ya kila kichupa. Bila dawa. Tikisa kwa upole kwenye nyuzi 37 kwa dakika 60.

Seli imetoka kwenye maji ya chumvi, baridi kali na moto. Inahitaji kujirekebisha na kutengeneza kimeng'enya kitakachoilinda dhidi ya dawa. Kwa ampisilini unaweza kufupisha hadi dakika 30 ukibanwa sana, kwa sababu dawa hiyo huua seli zinazojenga ukuta mpya tu. Lakini siku utakapohamia kloramfenikoli au kanamisini, zinazogonga utengenezaji wa protini moja kwa moja, saa nzima ni lazima. Ukifupisha, utapata sahani tupu.

## Hatua ya 7: Panda kwenye sahani

Toa sahani kwenye friji nusu saa kabla, zipate joto la chumba na kukauka. Tandaza mikrolita 100 kwa kila sahani:

- Sahani 1: T kwenye agari isiyo na dawa
- Sahani 2: T kwenye agari yenye ampisilini
- Sahani 3: P kwenye agari yenye ampisilini
- Sahani 4: N kwenye agari yenye ampisilini

Fimbo ya kutandazia ikitolewa kwenye moto, iguse kwanza agari pembeni isikike ikipoa. Fimbo ya moto hukaanga seli.

Tandaza hadi uhisi fimbo inaanza kukwama, maana yake maji yameingia. Acha dakika 5, geuza juu chini, weka kwenye nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 18. Kugeuza kunazuia matone ya mfuniko yasidondoke na kuunganisha makoloni.

## Hatua ya 8: Soma sahani kwa mpangilio (siku ya nne)

Kila mtu hukimbilia sahani ya 4. Ifunike. Anza na ya 1, kwa sababu kila sahani inakupa ruhusa ya kuiamini inayofuata.

Sahani 1 iwe na zulia zito la bakteria. Kama ni tupu, seli zako zilikufa, na mengine yote hayana maana. Rudi hatua ya 3, ya 5 na ya 7: kuganda ndani ya rojo lenye chumvi, beseni kali, au fimbo ya moto.

Sahani 2 iwe tupu kabisa. Ikiwa na zulia, ampisilini haifanyi kazi. Ilimwagwa kwenye agari ya moto, au ilizeeka. Ikiwa na makoloni machache makubwa, kuna uchafu, au mtu alitumia ncha moja kwa vichupa viwili.

Sahani 3 ndiyo hukumu ya seli. Sahani 1 na 2 zikiwa sawa lakini ya 3 ni tupu, seli ni hai ila si pokezi. Tazama ulisimamisha OD600 ngapi, lebo ya kalsiamu inasema nini, na baridi ilikatika wapi.

Sahani 4, sasa, ifunue. Ikiwa ya 3 ina makoloni na hii haina, *hapo ndipo* unaruhusiwa kuilaumu plazmidi: kiasi chake, usafi wake, au dawa isiyolingana na jeni ya kinga iliyobeba. Hilo la mwisho ni la kuangaliwa kwanza. J04450 ileile hupatikana pia kwenye pSB1C3, yenye kinga ya kloramfenikoli, na seli zake haziwezi kuota kwenye ampisilini hata ufanye nini.

Makoloni yakiwa meupe saa 16, usikate tamaa. Protini nyekundu huchelewa kukomaa na inahitaji oksijeni. Yape hadi saa 24, au yaweke kwenye friji siku moja zaidi, wekundu utakolea.

Ukiona vidoa vidogo vidogo vimezunguka koloni kubwa kama vifaranga na mama yao, hivyo havina plazmidi. Koloni kubwa hutoa kimeng'enya kinachovunja ampisilini kwenye agari ya jirani, na seli zisizo na kinga hupata pa kuotea. Usivichukue. Hutokea zaidi sahani ikikaa ndani kupita saa 20.

## Hatua ya 9: Hesabu ubora wa seli zako

Usiandike "jaribio lilifaulu". Andika namba, ili muhula ujao mjue kama mmepanda au mmeshuka.

Tuseme sahani 3 ina makoloni 85. Ulitia nanogramu 1 ya pUC19, ukafika jumla ya mikrolita 1,000, ukapanda 100, yaani sehemu moja ya kumi. DNA iliyofika kwenye sahani ni nanogramu 0.1, sawa na mikrogramu 0.0001.

85 ÷ 0.0001 = 850,000 kwa kila mikrogramu.

Seli za kalsiamu za kutengeneza wenyewe zikiwa kati ya laki moja na milioni kumi ziko mahali pake. Za laki nane na nusu zinatosha kabisa kwa plazmidi iliyokamilika. Kama unataka kuunganisha vipande vipya vya DNA, lenga milioni moja kwenda juu, kwa sababu katika mchanganyiko wa kuunganisha ni sehemu ndogo tu ya DNA iliyojifunga sawasawa.

## Hatua ya 10: Kutoka koloni hadi data

Chukua koloni moja jekundu, lichoreshe kwenye sahani mpya yenye dawa, kisha otesha koloni moja la hapo kwenye mililita 5 za LB *yenye* ampisilini. Safari hii dawa ni lazima, la sivyo seli zitaitupa plazmidi kwa kuwa ni mzigo kwao.

Wanaoendelea na kozi ya biolojia ya mifumo wataanza kupima hapa. Onyo moja linalowaponyoka hata watafiti: protini nyekundu ya J04450 hunyonya mwanga karibu na nanomita 584, jirani kabisa na 600. Ukipima ukuaji kwa nanomita 600, sehemu ya "ukuaji" huo ni rangi. Pima kwa nanomita 700, na ulinganishe na DH5α wasio na plazmidi kwa kipimo hichohicho.

Kisha jaribu modeli rahisi kuliko zote: kasi ya badiliko la protini ni uzalishaji ukitoa kupungua. Protini hii haivunjiki kwa urahisi, kwa hiyo kinachoipunguza ni seli kugawanyika. Seli zikiongezeka maradufu kila dakika 30, kiwango cha kupungua ni 0.693 ÷ 30, yaani 0.023 kwa dakika. Waambie wanafunzi watabiri rangi itatulia wapi *kabla* ya kuona data, halafu wakae na tofauti. Kwenye tofauti hiyo kuna somo zima la muhula: mzigo wa plazmidi, uchelewaji wa kukomaa, ukuaji unaopungua chakula kikiisha.

## Kusafisha na kuhifadhi

Kila kilichogusa bakteria kiingie otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 30, au kilowekwe kwenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa. Usichanganye njia hizo mbili: klorini ikipashwa moto hutoa gesi ya sumu. Hakuna sahani ya jaribio hili inayokwenda kwenye pipa la kawaida. Waokota taka wa nje ya chuo hawana glavu, nao wanazitaka hizo sahani za plastiki.

Kwa akiba, changanya mikrolita 500 za kilichoota usiku na mikrolita 500 za gliseroli ya asilimia 50 iliyosafishwa kwenye otoklevu, kisha weka kwenye -80. Tengeneza vichupa viwili na uviweke kwenye friza mbili tofauti zilizo kwenye laini tofauti za umeme. Andika aina ya bakteria, plazmidi, dawa, tarehe na herufi za jina lako kwenye ubavu wa kichupa kwa kalamu isiyofutika na spiriti. Vifuniko huchanganyika, na spiriti ikimwagika mara moja, wino wa kawaida wote unaondoka.